Ua Linaloua Uani

Graciela, nimeng'oa oleanda zako.
Zote kumi na moja, ukuta wa magharibi,
zile ulizopanda mwaka tuliohamia Tucson
ili majirani wasituone tukigombana.

Usikasirike kabla hujasikia.
Mwezi wa nne nimeletewa kobe.
Kobe wa jangwani, pengine mzee kuliko mimi,
mwenyewe kahamia ghorofani,
na idara ya wanyama ikawa inatafuta mtu
mwenye kivuli, subira na ua.
Kivuli ninacho. Subira nilipewa na posta,
miaka thelathini na miwili ya kubisha hodi kwenye mbwa.
Ua nilidhani ninao.

Akaja binti wa idara, Marisela Ybarra,
kofia pana, buti za vumbi, daftari.
Kahawa hakutaka.
Alitembea ameinama kama aliyeangusha hereni,
huku anataja:
mbarika ule kando ya pipa, toa.
Mnanaha uliojiotea nyuma ya bomba,
toa na mizizi.
Nyanya ziwe mbali na mdomo wake, majani hasa.
Kisha akafika kwenye ukuta wako,
waridi na nyeupe, unavyoujua mwezi wa nne,
akavua kofia kama mtu aliyeingia msibani.
"Hizi," akasema, "hata jani kavu."

Hata jani kavu. Hata moshi wake.
Ua ndani ya ua, na ua lenyewe linaua:
ungedhani ni mchezo wa watoto wa kutatiza ulimi.

Siku nne za sururu.
Sikuzichoma. Nilizifunga maguniani,
nikazipeleka jaani, nikalipa dola kumi na nane,
bei ambayo wewe ungeipigania.

Sasa kuna mpungate, vipande vitatu
kutoka kwa Ofelia wa kanisani.
Unavilaza tu chini, vinajua kazi yao.
Kuna nyasi za porini zinazochoma kisigino.
Mchunga sikuupanda. Niliacha tu kuung'oa,
ule ule ulionituma kuung'oa kila Jumamosi,
na leo ndio mboga ya bwana mkubwa.
Kitaluni waliniuzia haibiskasi
iliyochanua vizuri mno.
Nikauliza, imepigwa dawa?
Kijana akatazama viatu vyake.
Nikairudisha.
Na mchicha, ninaoupenda mimi,
eti humlia kobe mifupa; basi naula peke yangu,
nimesimama jikoni, sahani moja.

Mnyama hajui sumu kwa jina, Graciela.
Anachojua ni kijani.
Kuchagua ni juu yangu,
mimi niliyekuachia wewe hata rangi ya pazia.

Nimemwita Don Chano,
kwa kuwa anatembea kama baba yako
akielekea kwa daktari wa meno.
Mchana hujichimbia chini ya benchi.
Jioni hutoka, hunyosha shingo, huchagua ua la mpungate,
na kulikosa.
Hulikosa tena. Halafu hulipata,
na kidevu chote kinakuwa njano.

Tatizo limebaki moja.
Bwana Wachtel, upande wa pili wa ukuta,
naye ana oleanda. Vipandikizi ulimpa wewe.
Upepo ukivuka, majani yanavuka.
Kwa hiyo naamka kabla ya jua, kabla ya Chano,
na ule mfuko wangu wa kazi begani,
naokota moja moja.
Membamba, marefu, mshipa mmoja katikati.
Jana saba. Leo mawili.
Sisemi ni barua. Mimi ni mtu wa posta,
najua barua ina anwani.
Lakini nayahesabu.

Juzi Wachtel, mtu mwema, alisimama getini
akasema yuko tayari kuzikata zake zote,
msumeno anao, Jumamosi hana kazi.
Nilimtazama Chano, nikatazama ukuta.
Nikamwambia asubiri kidogo.
Nikamwambia bado naamka mapema.